Tumbili wa Kamba

Kwa babu yangu Msambweni palikuwa na tumbili aliyefungwa kamba kiunoni, chini ya mwembe. Tulimwita Kadogo, ingawa mimi nilipopata akili tayari alikuwa dume zima lenye meno ya kumfukuza mbwa. Aliletwa akiwa mchanga, mamake alipouawa kwenye mahindi ya watu. Akala ugali wetu, akanywa chai yetu, na wageni wa harusi wakapiga naye picha.

Mwaka mmoja mjomba akamhurumia. "Huyu upweke utamuua," akasema. "Tumtafutie mwenziwe." Akarudi kutoka Ukunda na jike mdogo ndani ya gunia. Tulimfungulia karibu na mwembe, tukakaa mkekani kutazama kama watu wanaomsubiri bibi harusi. Haikuchukua hata dakika tano. Sitasimulia yote. Babu alimzika yule mdogo nyuma ya choo, na mjomba hakugusa chakula siku hiyo.

Nilikua nikiamini Kadogo alikuwa na roho mbaya. Baadaye sana ndipo nikaanza kusoma historia ya jambo hili: watu walijifunza vipi kumrudisha mnyama aliyelelewa peke yake kwa wenzake? Jibu la kwanza nililikuta Marekani. La pili lilikuwa hapa hapa Kenya, Amboseli.

Tuanze na Marekani, maana huko walilifanya kosa letu kwa makusudi. Katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, miaka ya 1950 na 1960, mwanasaikolojia Harry Harlow aliwatenganisha watoto wa kima wa Asia na mama zao. Jaribio lake maarufu ni lile la mama wa waya na mama wa kitambaa: watoto walimkumbatia wa kitambaa hata pale maziwa yalipokuwa kwa yule wa waya. Lakini kulikuwa na jaribio jingine baya zaidi. Baadhi walifungiwa peke yao kabisa kwa miezi sita tangu kuzaliwa. Walipotolewa na kuwekwa na wenzao wa rika moja, walijikunyata, wakajikumbatia, wakawa wanayumba mbele na nyuma. Wenzao wakawashambulia. Kwa muda wataalamu wakadhani madhara yale hayatibiki tena.

Mwaka 1972 Harlow na mwenzake Stephen Suomi walichapisha matokeo tofauti. Badala ya kuwapa wale wapweke marafiki wa rika lao, waliwapa wadogo zaidi, majike wa miezi mitatu. Mtoto wa miezi mitatu hajui kupigana bado. Anajua kushikilia tu. Mpweke akijikunyata pembeni, mdogo anamfuata na kumkumbatia. Waliwakutanisha kwa saa chache tu kila mara, si mchana kutwa. Baada ya wiki kadhaa wapweke walianza kukumbatia nao, kisha kucheza. Kufikia umri wa mwaka mmoja, ilikuwa vigumu kuwatofautisha na wengine.

Niliposoma hapo nilifunga simu, nikatoka nje. Mjomba alikuwa amefanya karibu jambo lile lile! Jike, tena mdogo. Kilichokosekana ni muda. Wale wa Wisconsin walikuwa bado wachanga, na walikutanishwa kidogo kidogo. Kadogo alikuwa amekaa kwenye kamba miaka tisa, na tukamletea mgeni kwa gunia asubuhi moja, ndani ya duara la mita tatu ambalo ndilo lilikuwa dunia yake yote.

Huko Amboseli ndiko kulikonifumbua macho kuhusu tumbili wenyewe. Mwaka 1967 Thomas Struhsaker alichapisha maelezo ya sauti za tumbili wa kule, akasema wana kelele tofauti kwa maadui tofauti. Mwaka 1980 Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler wakalithibitisha kwa spika zilizofichwa vichakani. Wakipiga sauti ya chui, tumbili wanakimbilia mitini. Ya tai, wanatazama juu au wanaingia kichakani. Ya nyoka, wanasimama kwa miguu ya nyuma na kukagua nyasi. Watoto hukosea: mtoto anaweza kupiga kelele ya tai kwa ndege asiye na neno, hata kwa jani linaloanguka. Wanarekebika wakiwa katikati ya wakubwa.

Sasa nikakumbuka. Msimu wa maembe, kundi la porini lilikuwa linakuja kwenye mwembe wetu. Wakipiga kelele na kuruka juu wote kwa pamoja, Kadogo hakuwatazama. Alitutazama sisi.

Kuna jaribio jingine la Cheney na Seyfarth ambalo linanisumbua hadi leo. Walirekodi kilio cha mtoto wa tumbili, wakakipiga wakati majike kadhaa wamekaa pamoja. Mama aligeukia spika. Majike wengine wakageuka kumtazama mama. Yaani wanajua mtoto huyu ni wa nani. Na ndivyo maisha yao yalivyo: jike hubaki katika kundi alilozaliwa, na binti hushika nafasi chini ya mamake. Dume ndiye huhama akikomaa, akaenda kujipenyeza kwa wageni, na hata yeye hupokelewa kwa meno kwanza. Kumchukua jike wa Ukunda na kumtupa mbele ya dume wa Msambweni ni kumtoa mtu kwao bila mama, bila ukoo, bila wa kumgeukia akilia.

Kwa hiyo wanaofanya kazi hii leo hawaanzi kwa kukutanisha. Shirika la Colobus Conservation lilianza Diani mwaka 1997, hasa kwa sababu ya mbega waliokuwa wanagongwa na magari kwenye barabara ya ufukweni. Wengi mnazijua zile ngazi zao zinazoning'inia juu ya lami. Ila hupokea pia tumbili na kima, mayatima na waliotolewa majumbani. Utaratibu wa kazi hii, ambao Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira uliutolea mwongozo mwaka 2002, ni wa polepole mno. Kwanza karantini, maana sisi ndio tunaowaambukiza kifua kikuu na magonjwa mengine. Halafu vizimba viwili kando kando, waya katikati, waonane na kunusana bila kung'atana. Ukiona wanapekuana manyoya kupitia waya, hapo ndipo unaanza kufikiria mlango. Na mara nyingi hawapelekwi mmoja mmoja kwenye kundi la porini. Linaundwa kundi zima kwanza, wajuane nani mkubwa, ndipo watoke pamoja.

Hiyo ni miezi, wakati mwingine miaka. Na kuna ambao hawatoki kabisa.

Mnamkumbuka Owen, yule mtoto wa kiboko aliyeokolewa Malindi Desemba 2004 wakati wa tsunami, akamganda kobe mzee kule Haller Park? Dunia nzima iliipenda picha ile, na vitabu vikaandikwa. Sehemu inayosahaulika ni kwamba baadaye walimkutanisha na Cleo, kiboko jike aliyekuwa anaishi peke yake, na kobe ikabidi aondolewe kwa usalama wake. Picha za kiboko kukaa na kiboko hazikusambaa. Nani anataka picha ya jambo la kawaida?

Sheria ya wanyamapori ya 2013 inakataza kufuga mnyama wa porini bila kibali. Kwetu sheria ilikuja Kadogo akiwa ameshakufa, bado akiwa na kamba, na alama ya kiunoni haikuwahi kuota manyoya.

Mjomba hajawahi kuizungumzia asubuhi ile. Ila juzi juzi jirani aliokota mtoto wa tumbili kando ya barabara, akaja kutuonyesha akiwa amemfunga kwenye leso. Watoto wakamzunguka, mmoja akaenda kutafuta kamba. Mjomba alikuwa tayari ana simu sikioni, anawaelekeza watu wa Diani njia ya kufika.