Samani za Mninga na Utunzaji Wake

Historia ya samani za mbao katika Gungu na mwambao wote wa Kigoma na Ujiji haitenganishwi na mninga, mti wa misitu ya miombo, ambao mbao zake hazipindi upesi wala kuliwa na mchwa kwa urahisi. Mafundi wa kale walizilainisha kwa majani makavu ya mti uitwao msasa, yenye kukwaruza. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, ikaleta bidhaa za viwandani kutoka pwani. Karatasi ilichukua nafasi ya majani, lakini jina la mti likabaki.

Afufuaye benchi la kale huanza na viungo: hukwangua gundi iliyokufa, hutia mpya na kubana. Ndipo huondoa vanishi iliyochakaa, hupitisha msasa kufuata nyuzi za mbao, na kumalizia kwa nta ya nyuki. Apigaye randa kwa pupa hufuta alama za mkono wa fundi wa kwanza.

Mninga huchukua miongo mingi kukomaa. Basi benchi la ibada lililolegea lisifanywe kuni kabla fundi hajalitazama.