Hadithi fupi inapogeuzwa riwaya ya picha

KUGEUZA hadithi fupi mashuhuri kuwa riwaya ya picha si suala la kutafuta mchoraji wa kupamba kurasa. Ni kuisimulia upya hadithi hiyo kwa lugha nyingine, na aghalabu swali gumu huwa si lipi lionyeshwe, bali lipi lifichwe.

Mfano bora ni 'The Lottery', yaani bahati nasibu, hadithi ya Mmarekani Shirley Jackson iliyochapishwa katika jarida la The New Yorker mnamo Juni 26, 1948. Wanakijiji wapatao 300 wanakusanyika uwanjani, asubuhi yenye jua, kupiga kura ya kila mwaka. Watoto wanaokota mawe. Wanaume wanazungumzia mvua na kodi. Msomaji hudhani kuna zawadi, hadi Tessie Hutchinson anapochukua karatasi yenye doa jeusi na majirani zake kumgeukia kwa mawe. Msimu huo Jackson alipokea barua zaidi ya 300, nyingi zikitoka kwa wasomaji waliofadhaika au kughadhibika.

Nguvu ya hadithi hiyo imo katika toni yake. Msimulizi ana utulivu wa mtu anayeripoti sherehe ya kawaida, wala hafichui yaliyomo mioyoni mwa wahusika. Mchoraji hana nafasi hiyo ya kukaa kimya. Lazima auchore uso wa kila mhusika, na akiutia hofu mapema mno, siri imefichuka na taharuki imekufa.

Hicho ndicho kibarua kilichomkabili Miles Hyman, mchoraji na mjukuu wa Jackson, ambaye mwaka wa 2016 alitoa riwaya ya picha ya hadithi hiyo. Badala ya kuanzia uwanjani, Hyman anaanza usiku wa kuamkia siku ya kura, wanaume wawili wakitayarisha karatasi. Jackson aliligusia jambo hilo kwa maneno machache tu. Hyman amelipanua, lakini kwa picha zisizoeleza chochote kuhusu kazi ya karatasi hizo. Msomaji anaona kila kitu asielewe lolote.

Isitoshe, riwaya ya picha ina mbinu zake za kumiliki muda. Fremu nyingi ndogo huchelewesha tendo moja, kama vile mkono unaoingia sandukuni. Fremu moja pana humsimamisha msomaji. Tukio la kushtua likiwekwa nyuma ya ukurasa, jicho haliwezi kulichungulia kabla ya ukurasa kufunuliwa.

Hata hivyo, sauti ya msimulizi haichoreki. Kinaya cha sentensi tulivu inayobeba ukatili hubaki katika maandishi. Kwa hivyo, mtu asome hadithi kwanza, kisha picha. Akianza na picha, siri ya Jackson haitamshtua tena.