Kioo Hakina Azimio

Mtanzania akisikia neno azimio anajua habari ya aina gani inakuja. Kuna Azimio la Arusha la 1967, la Musoma la 1974, la Zanzibar la 1991. Watu walikaa, wakajadiliana, wakakata shauri. Sasa mfikirie mwenye steshenari pale Ikwiriri. Amenunua monita ya mtumba Kariakoo, ameipakata ndani ya basi kutoka Mbagala Rangi Tatu, ameiwasha, na maandishi yana ukungu. Anatafuta dawa mtandaoni. Ukurasa uliotafsiriwa na mashine unamwambia abadilishe “azimio la skrini”. Skrini iliazimia nini, na katika kikao gani?

Chanzo cha kosa kinajulikana. Rezolusheni, kama mafundi wanavyolitamka, ni neno la Kiingereza lenye maana kadhaa, na mashine imeokota ile ya mkutanoni. Iliyokusudiwa ni ya watu wa darubini: uwezo wa chombo kutenganisha vitu viwili vilivyokaribiana, ili nyota mbili zisionekane moja. Lord Rayleigh, mwanafizikia wa Uingereza, aliiwekea kipimo mwaka 1879, miongo mingi kabla ya kompyuta. Kwa maana hiyo Kiswahili kina kitenzi kilichokaa tayari, kubainisha, na kitabu cha fizikia kikiandika “ubainifu wa darubini” mimi sina ugomvi nacho.

Lakini mwenye steshenari hatazami nyota. Anachokutana nacho ni namba mbili: 1366 kwa 768, au 1280 kwa 1024, au 1920 kwa 1080. Ya kwanza ni hesabu ya pikseli kwa upana, ya pili ni kwa kimo, na pikseli ni kile kitone kidogo kabisa cha picha ambacho kwa wakati mmoja hubeba rangi moja tu. Zidisha 1920 kwa 1080, unapata vitone 2,073,600. Monita zile pana kidogo tu kuliko kimo chake, za inchi 17 na 19, ambazo zimejaa kwenye maduka ya mitumba, nyingi ni za 1280 kwa 1024, yaani 1,310,720. Hii ni hesabu na si kitu kingine, kwa hiyo naona iitwe idadi ya pikseli, hata kama jina halina madoido. “Ubora”, neno wanalolijua watazamaji wa video, linaahidi kupita kiasi: monita ya bei nafuu inaweza kuwa na vitone vyote milioni mbili na rangi zake zikawa zimepauka, na ukiitazama kutoka chini picha inageuka giza. “Mwonekano” nalo linabeba mengi mno, maana mwanga ni mwonekano na rangi ni mwonekano.

Faida ya kuiita idadi ni kwamba mtu anakumbuka kuwa imepangwa kiwandani. Msuka mikeka wa Rufiji angelielewa hili upesi. Ua lililohesabiwa kwa majani mia ya ukindu huwezi kulihamishia kwenye mkeka wa majani mia na arobaini na likajaza upana wote bila kuharibika. Mahali fulani jani moja litatakiwa kuwa nusu jekundu, nusu jeupe. Ndicho kinachotokea monita ya 1920 ikilazimishwa kuonyesha 1366. Kila kitone cha picha kinadai pikseli moja na sehemu nne za kumi, na kwa kuwa pikseli haigawanyiki, monita inachanganya rangi za majirani. Huo mchanganyiko ndio ukungu. Monita za chogo hazikuwa na mtego huu kwa kiasi hicho, kwa kuwa picha ilichorwa na mionzi juu ya kioo na haikufungwa kwenye vitone vya kudumu. Nadhani tabia ya kushusha namba ili herufi ziwe kubwa tumeirithi huko. Kwenye kioo bapa, acha idadi ya kiwandani ilivyo, kisha kuza herufi zenyewe, asilimia 125 au 150, kwenye mipangilio ya kompyuta. Anayechapa mikataba ya mauziano ya viwanja kutwa nzima macho yake yatamshukuru.

Jioni duka likifungwa na mchezo wa mpira ukiwashwa kwenye kompyuta ileile, hesabu inageuka. Kompyuta isiyo na kadi ya picha ya maana mara nyingi haiwezi kuuchora mchezo kwa vitone milioni mbili mara sitini kwa sekunde, na wachezaji wanaanza kukwamakwama. Ndani ya mchezo, si kwenye mipangilio ya kompyuta nzima, shusha hadi 1280 kwa 720: vitone 921,600, chini ya nusu ya mzigo. Ukungu utakuwepo. Lakini mpira unaokimbia na ukungu kidogo unachezeka, mpira mkali unaosimama hauchezeki.

Nimesema mkali, na hapo ndipo neno la mtaani linapowazidi watafsiri. Watu husema picha iko kali, au ipo klia, nao hawahesabu vitone. Wanapima jinsi vilivyobanana. Pikseli 1920 kwa 1080 kwenye monita ya inchi 22 ni kama mia moja kwa kila inchi. Zitandaze kwenye televisheni ya inchi 32 zinabaki kama 69, idadi ikiwa ileile, na ukikaa karibu unaziona moja moja. Kwa hiyo anayepima bei ya kioo kikubwa kwa kuangalia inchi peke yake anaweza kulipa zaidi akapata herufi mbovu zaidi. Kitaalamu tuuite msongamano wa pikseli. Dukani ukali unatosha.

Msongamano huo ndio unaozua mabishano kwenye meza ya picha za paspoti. Mteja ametuma picha yake kwa simu, imepunguzwa njiani, na kwenye kioo ilikuwa safi. Kwenye karatasi imetoka na mawimbi. Kioo kiliihitaji kwa vitone mia kwa inchi, karatasi ya picha huhitaji kama 300. Picha ya upana wa inchi moja na nusu inataka basi pikseli 450 kwa upana, na iliyofika ina 150. Aitume tena kama faili.