Bei ya Rotterdam na Parachichi Lililochumwa Changa

Kwa miaka kadhaa sasa, kila mwaka unapokaribia kwisha, Kurugenzi ya Mazao ya Bustani ya Kenya husimamisha usafirishaji wa parachichi kwa meli, na kuuruhusu tena mapema mwaka unaofuata. Sababu inayotolewa ni matunda machanga. Yakifika Ulaya hayaivi, hunyauka yakawa kama mpira, na mnunuzi hasahau yalikotoka. Lawama humwangukia mkulima mwenye haraka na dalali asiye na subira. Kwamba tunda changa huharibu soko, sina ubishi. Ninachokipinga ni dai kwamba chanzo chake ni tabia ya watu. Chanzo ni jinsi bei inavyopangwa kuanzia Rotterdam hadi shambani Murang'a, na zuio lisilogusa bei litalazimika kurudiwa kila mwaka.

Uholanzi hailimi parachichi, lakini ndiyo lango kuu la tunda hilo barani Ulaya. Mizigo hushushwa Rotterdam, huivishwa na kufungashwa kwenye maghala ya huko, kisha husambazwa Ujerumani, Ufaransa na nchi za Skandinavia. Katikati ya mwaka soko hilo hutawaliwa na Peru, ambayo mazao yake hufurika hasa kati ya Mei na Julai. Msimu mkuu wa Kenya huangukia miezi hiyo hiyo. Kabla ya hapo, Uhispania, Israel na Morocco zinapokuwa zinamaliza mavuno na meli za Peru bado ni chache, bei huwa nzuri. Kila anayeuza nje anautaka mwanya huo, na anayetaka kuuza Machi hana budi kuchuma wiki kadhaa kabla. Tena mwishoni mwa 2023 meli zilipoanza kuikwepa Bahari ya Shamu kwa sababu ya mashambulizi ya Wahouthi na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari iliongezeka takriban wiki mbili. Kuwahi bei ile ile kukawa na maana ya kuchuma mapema zaidi.

Shambani nako kipimo ni kingine kabisa. Ulaya huuziana kwa katoni ya kilo 4, na ukubwa hutajwa kwa idadi ya matunda yanayoijaza: namba 18 ni matunda 18. Ukomavu hupimwa kwa mada kavu, yaani kile kinachobaki maji yote yakishakaushwa. Viwango vya Ulaya vinadai angalau asilimia 21 kwa aina ya Hass. Kenya imejiwekea 24. Lakini dalali anapoingia shambani huhesabu tunda mojamoja na kulipa kwa idadi. Mkulima anayeacha matunda yake mtini wiki nne zaidi ili yajae mafuta hapati nyongeza yoyote kwa subira hiyo, na usiku inambidi ayalinde dhidi ya wezi. Kwa malipo ya namna hiyo, kuchuma mapema ndiyo busara yake.

Zaidi ya hayo, mzigo mwingi hupakiwa Mombasa ukiwa hauna bei. Mwagizaji huuza kwa niaba ya mwenye mali, hukata gharama na kamisheni yake, kisha hutuma kilichobaki. Tuchukue hesabu ya kubuni. Katoni inauzwa yuro 8. Nauli, bandari, ghala na kamisheni vinachukua yuro 4. Ufungashaji na kazi za Kenya, yuro 1.50. Tunda lenyewe linabakiwa na yuro 2.50. Bei ikishuka hadi yuro 6, meli haipunguzi nauli wala katoni tupu haishuki bei. Kamisheni tu, kwa kuwa ni asilimia, hupungua senti chache. Tunda linabakiwa na senti 60 hivi. Robo iliyopotea Rotterdam imekuwa robo tatu shambani, na hapo hakuna aliyemwibia mwenzake.

Kisha kuna siku kontena linapofunguliwa. Mkaguzi husoma kwanza kifaa kilichorekodi joto njia nzima, kwa kuwa Hass husafirishwa kwenye nyuzi 5 au 6 hivi za Selsiasi. Huteua katoni kutoka sehemu mbalimbali za shehena, hubonyeza matunda kwa kipima ugumu, huyapasua, hutazama kama nyuzinyuzi zimeingia weusi na kama kikonyo kimeanza kuoza, halafu hupiga picha. Picha hizo ndizo zitakazoamua bei ya takriban tani 21 za matunda, na aliyemtuma mkaguzi mara nyingi ni mwagizaji mwenyewe. Mwenye mzigo huzipokea kwenye simu yake akiwa umbali wa maelfu ya kilomita.

Waagizaji hujibu kwamba hatari ni haki ibaki kwa muuzaji, maana wao hawakuliona shamba. Kwa ukomavu wa tunda wana hoja nzito. Kwa ucheleweshaji wa meli na kwa kushuka kwa bei baada ya Peru kufurika hawana, kwani hayo wao huyajua mapema kuliko mkulima yeyote wa Murang'a au wa Njombe nchini Tanzania. Hatari ingefaa ibebwe na anayeweza kuiona ikija.

Mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya, ulioanza kutumika tarehe 1 Julai 2024, umelinda kuingia kwa parachichi bila ushuru. Ni jambo jema, ila Peru nayo haitozwi, na Tanzania imo katika msamaha wa nchi maskini zaidi. Kwenye ushuru hatuna cha kuwashinda wenzetu. Kilichobaki ni mkataba wa kibiashara: bei ya chini iliyoafikiwa kabla ya kupakia, mkaguzi asiyeajiriwa na upande wowote, na malipo ya shambani kwa kilo na kwa mada kavu. Naiomba Kurugenzi ya Kenya, na TAHA, jumuiya ya mazao ya bustani ya Tanzania iliyoko Arusha, zianze na lililo rahisi kuliko yote: bei za Rotterdam zitangazwe kila wiki kwa Kiswahili, kwa kila ukubwa, kabla dalali wa kwanza hajaingia shambani msimu ujao.