Jigi ya Kunolea Zana za Kukereza

Zana ya kukerezea huisha makali upesi kuliko patasi ya seremala, kwa kuwa mti unaozunguka hupitisha mamia ya mita za mbao mbele ya ncha yake kila dakika. Kwa karne nyingi mkerezaji alirudisha makali kwa mkono mtupu, juu ya cherehe la jiwe la mchanga lililoloweshwa maji. Pembe ya ncha ilitegemea jicho na mazoea.

Njia hiyo haikuwatosha wakerezaji wa nakshi wa Uingereza katika karne ya 19. Kazi yao ilikuwa kuchora mapambo madogo kwenye pembe za ndovu na mpingo, malighafi ambazo sehemu yazo ilitoka Afrika Mashariki, na ncha iliyokosewa kidogo iliharibu mchoro mzima. Kampuni ya Holtzapffel ya London iliwauzia goniostati, kifaa kidogo kilichobana zana kwa pembe iliyopimwa kwa digrii huku ikisuguliwa juu ya bamba lenye unga wa kunolea. Wazo la jigi ya leo, yaani kifaa cha kushikilia zana kwa pembe ileile wakati wa kunoa, lilikuwa limekamilika humo, ila bei yake ilikuwa ya matajiri.

Fundi wa kawaida alipata tatizo jingine. Mwaka 1891 Mmarekani Edward Acheson aligundua kaborandamu, mada ngumu ya kunolea, na mashine za kunolea zikaanza kuzunguka kwa kasi. Chuma cha kaboni kikipata moto juu ya mashine hizo hugeuka buluu na kulegea. Nafuu ilitokana na chuma cha aloi cha Frederick Taylor na Maunsel White, kilichoonyeshwa Paris mwaka 1900, ambacho huvumilia joto la takriban nyuzi 600 za Selsiasi. Wakerezaji wa mbao walichelewa sana kukipokea.

Kisha, kuelekea mwisho wa karne ya 20, David Ellsworth na wakerezaji wenzake wa Marekani walieneza bobari (patasi yenye mfereji) ya kukerezea bakuli, yenye kingo za pembeni zilizorudishwa nyuma. Umbo hilo ni gumu mno kulirudia kwa mkono mtupu, na hapo ndipo mafundi walipoanza kujitengenezea jigi kwa plaiwudi, boliti na vipande vya chuma. Bobari hubanwa katika kishikilio chenye mguu. Ncha ya mguu hukaa ndani ya kijishimo chini ya jiwe, na fundi huizungusha bobari kulia na kushoto. Vipimo vitatu huamua umbo: urefu wa bobari iliyotokeza, mara nyingi milimita 44, pembe ya mguu, na umbali wa kijishimo kutoka kwenye jiwe. Vikirudiwa vilevile, jiwe hugusa ncha kidogo tu, na bobari hudumu miaka mingi zaidi. Hiyo ndiyo faida kubwa ya jigi.

Zana za kukwangua hazihitaji hayo yote. Meza ndogo ya kuegemeza mbele ya jiwe inatosha.