Diwani Aliyepanda Miti

Mwalimu wa darasa na aandike ubaoni maneno matatu: diwani, kamati, kodi. Leo tutayatumia mara nyingi.

Somo letu ni la historia, lakini si historia ya mfalme wala ya vita. Ni habari za mwanamke aliyekuwa diwani wa mtaa wa maskini katika mji wa London, Uingereza. Jina lake Bibi Ada Salter. Pengine utaniuliza, "Diwani wa London ananihusu nini mimi?" Subiri kidogo. Wewe nawe unaye diwani wako, na huenda unaye mtoto katika shule ya mtaa. Sikiliza kwanza, halafu utajibu mwenyewe.

Mtaa wenyewe

Mtaa huo unaitwa Bermondsey. Uko kando ya mto Thames, upande wa kusini. Miaka mia na zaidi iliyopita meli zilishusha shehena zao hapo, nazo zikawekwa katika maghala makubwa. Nyuma ya maghala vilikuwapo viwanda vya ngozi, vya biskuti na vya jamu. Moshi ulikuwa mwingi na harufu ilikuwa kali. Kazi ya gatini ilikuwa ya kibarua. Asubuhi wanaume walisimama langoni. Wengine walichaguliwa, na wengine walirudi nyumbani mikono mitupu. Watu walisongamana katika vyumba vibovu, na maradhi yalipita upesi kutoka nyumba hata nyumba. Mahali pa mtoto kucheza palikuwa ni barabarani.

Bibi Ada hakuzaliwa huko. Alizaliwa mwaka 1866 katika mji mdogo wa Raunds, penye mashamba. Mwaka 1897 alikuja Bermondsey kukaa katika nyumba ya watu waliojitolea kuishi kati ya maskini na kuwasaidia. Huko akakutana na daktari kijana, Alfred Salter, na mwaka 1900 wakaoana. Daktari huyo angeweza kufungua kazi yake kwa matajiri akapata fedha nyingi. Yeye alifungua Bermondsey, na mgonjwa asiyekuwa na kitu alitibiwa bila malipo.

Shule ya mtaa

Mwaka 1902 walipata mtoto wa kike, wakamwita Joyce. Hawakupata mtoto mwingine. Basi Joyce alipofikia umri wa kusoma, wazazi wake walikuwa na shauri kubwa mbele yao. Je, wampeleke shule ya mbali, penye hewa safi, au wampeleke shule ya mtaa pamoja na watoto wa makuli na wa wanawake wa viwandani? Waliamua kumpeleka shule ya mtaa. Walisema moyoni kwamba lililo jema kwa watoto wa jirani lazima liwe jema kwa mtoto wao.

Mwezi wa Novemba 1909 Bibi Ada alichaguliwa diwani wa Bermondsey. Sheria ya kuwaruhusu wanawake kuchaguliwa katika mabaraza ya miji ilikuwa imepitishwa mwaka 1907 tu. Yeye alikuwa mwanamke wa kwanza kukaa katika baraza lile.

Haukupita mwaka. Mwezi wa Juni 1910 Joyce alishikwa na homa ya kuambukiza, ile iletayo maumivu ya koo na vipele vyekundu mwili mzima. Siku hizo hapakuwa na dawa ya kuitibu. Joyce akafa, naye ana umri wa miaka minane.

Fikiri, mama uliye darasani. Fikiri nawe, baba. Hapo watu wengi wangefunga mizigo yao na kuondoka, wala hakuna ambaye angewalaumu. Bwana na Bibi Salter hawakuhama. Waliendelea kukaa palepale, kati ya majirani ambao nao walikuwa wamezika watoto. Tangu siku hiyo hakuna mtu wa Bermondsey aliyeweza kumwambia Bibi Ada kwamba hajui uchungu wao.

Hapa pana jambo la kujifunza juu ya kazi ya diwani. Shule za London hazikuwa chini ya baraza la Bermondsey. Tangu mwaka 1904 zilikuwa chini ya Baraza Kuu la London. Diwani wa mtaa hakuwa na mamlaka ya kuziamuru. Lakini mtoto hasomi kwa ubao na chaki peke yake. Husoma kwa tumbo lililoshiba, kwa kifua kisicho na kikohozi, na kwa nyumba isiyovuja. Mambo hayo baraza la mtaa liliweza kuyagusa. Diwani mwenye akili hutafuta kwanza uwezo wake ulipo, kisha huutumia wote.

Mkate kwanza

Mwezi wa Agosti 1911 maelfu ya wanawake wa viwanda vya Bermondsey waliacha kazi. Mshahara wao haukutosha hata chakula. Mwanamke anayegoma hana mshahara, na watoto wake wanataka kula leo. Bibi Ada alikuwa miongoni mwa watu walioshughulika kuwapatia wagomaji chakula. Mwisho wake viwanda vingi vilikubali kuongeza mshahara.

Nimetaja habari hii makusudi, maana sasa nitazungumza juu ya maua, nawe usije ukasema, "Mwenye njaa ana kazi gani na maua?" Bibi Ada alijua kwamba mkate hutangulia. Lakini aliamini kwamba maskini hahitaji mkate peke yake.

Kamati ya kupendezesha mtaa

Mwaka 1920 baraza liliunda kamati ya kupendezesha mtaa, na Bibi Ada akawa mwenyekiti wake. Neno "kupendezesha" lisikudanganye. Kazi yenyewe ilikuwa ya afya. Mti hutoa kivuli, huzuia vumbi, na humpa mtu mahali pa kupumzisha macho yake. Bustani humtoa mtoto barabarani.

Sasa tuone kazi hiyo hufanywaje. Diwani hawezi kuamka asubuhi akaamuru mti upandwe. Kwanza kamati hukutana na kutoa shauri. Baraza zima hupiga kura. Fedha hutoka katika kodi wanayolipa wakazi, na kila mlipa kodi ana haki ya kuuliza fedha yake imekwenda wapi. Halafu huajiriwa watu wa kuchimba, kupanda na kumwagilia, maana mti usiotunzwa hufa. Ni kazi ya vikao vingi na maneno mengi, na wakati mwingine mtu hushindwa, akarudi tena mwezi unaofuata.

Kwa njia hiyo ya polepole, kufikia miaka ya 1930, ilikuwa imepandwa miti ipatayo 9,000 katika barabara za Bermondsey. Madirishani yaliwekwa masanduku ya maua. Viwanja vya makanisa, palipokuwa na makaburi ya zamani, viligeuzwa kuwa bustani na mahali pa watoto kucheza. Katika uwanja wa kanisa la St James watoto walipata mnara wa kupanda na kuteleza.

Mwaka 1922 chama cha Labour kilipata viti vingi katika baraza, na Bibi Ada akachaguliwa kuwa meya. Hakuna mwanamke aliyekuwa meya katika London kabla yake. Desturi ilimtaka meya avae joho na mkufu wa cheo. Yeye alikataa kuvivaa. Wahenga wetu walisema: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Bibi Ada hakutaka sifa zimharibie tembo lake.

Miaka hiyo baraza lilifanya pia kampeni ya afya ambayo sisi wa elimu ya watu wazima tunaipenda sana. Watu wa idara ya afya walitengeneza filamu zao wenyewe, wakazionyesha kutoka katika motokaa mitaani, usiku. Watu walisimama barabarani wakajifunza jinsi ya kujikinga na kifua kikuu na jinsi ya kulea watoto wachanga. Darasa likawafuata watu walipo, kama redio hii inavyokufuata wewe.

Pia baraza lilibomoa nyumba mbovu mahali panapoitwa Wilson Grove, likajenga nyumba ndogo zenye bustani. Zilimalizika mwaka 1928. Bibi Ada alitamani mtaa wote uwe hivyo. Haikuwezekana. Ardhi ilikuwa kidogo na watu wengi, basi baadaye yalijengwa magorofa. Nakwambia hili ili usidhani kwamba alipata kila alichokitaka.

Tangu mwaka 1925 aliingia pia katika Baraza Kuu la London, akashughulika na bustani za mji mzima. Miaka ya 1930 baraza hilo lilianza kutoa fedha za kuhifadhi ukanda wa ardhi isiyojengwa kuuzunguka mji, na mwaka 1938 ikapitishwa sheria ya kuulinda.

Mwisho wa habari

Mwaka 1940 ndege za Ujerumani zilianza kuangusha mabomu, na Bermondsey, kwa sababu ya gati zake, iliumizwa vibaya. Bibi Ada alifariki mwaka 1942, vita bado inaendelea. Aliyaona mengi aliyoyajenga yakibomolewa.

Hata hivyo, mpaka leo bustani moja katika Southwark Park ina jina lake. Na ukingoni mwa Thames zimesimamishwa sanamu. Daktari ameketi juu ya benchi. Joyce ameegemea ukuta. Mwaka 2011 wezi waliiba sanamu ya daktari. Watu walichanga fedha, na mwaka 2014 ikawekwa nyingine, na safari hii akaongezwa mama mtu, ambaye hapo kwanza hakuwapo. Mkononi ameshika sepeto.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini Bwana na Bibi Salter walimpeleka mtoto wao shule ya mtaa? Wewe ungefanya nini?
2. Taja jambo moja ambalo diwani wako ana uwezo wa kulifanya, na moja ambalo hana. Ulijuaje?
3. Kodi ya mtaa wenu imefanya kazi gani mwaka huu? Kama hujui, utamwuliza nani?
4. Tazama nje ya darasa. Ni mahali gani pangefaa kupandwa mti, na nani ataumwagilia?

Swali la nne msilijibu kwa mdomo tu. Kwaherini mpaka somo lijalo.