Anjina: Kifua Kinapokabwa

Mtu akifika kwenye zahanati ya Temeke akasema ana kifua, swali la kwanza atakaloulizwa ni kama anakohoa. Ndivyo Kiswahili chetu kilivyozoea: kuwa na kifua ni kukohoa, na kifua kikuu ni TB. Moyo haumo kabisa. Kwa mbeba magunia wa Kurasini, jirani na bandari, ambaye kifua humlemea kila anapopanda na mzigo kisha kikamwachia akiketi, msemo huo unaweza kumpatia chupa ya dawa ya kikohozi badala ya kipimo cha moyo.

Wataalamu huiita hali hiyo anjina. Jina lilitolewa na William Heberden, daktari wa London, aliyeieleza mbele ya wenzake mwaka 1768. Maelezo yake yakachapishwa 1772. Alilichota kwenye Kilatini, katika kitenzi chenye maana ya kukaba, na alikwisha kuona jambo kubwa: maumivu humshika mtu akitembea, hasa akipanda kilima au akitoka kula, na hutoweka akisimama. Sababu yake ni mishipa inayoulisha moyo wenyewe kuwa myembamba, mara nyingi kwa mafuta yaliyoganda ukutani mwake. Moyo ukiongezewa kazi, damu haitoshi.

Lakini neno hili nalo lina mtego. Malori ya Lubumbashi hupakia hapo hapo bandarini, na kwa dereva Mkongo aliyezoea Kifaransa, "angine" ni ugonjwa wa koo. "Kubanwa kifua" nako kumeshachukuliwa na pumu. Afadhali tuseme "mkabo wa moyo". Mkazi wa Dar aliyewahi kupigwa kabari uchochoroni ataelewa bila kufafanuliwa.

Mkabo haumchomi mtu mahali pamoja. Humgandamiza katikati ya kifua, ukapanda shingoni au tayani, ukashuka mkono, mara nyingi wa kushoto. Muulize mgonjwa aonyeshe panapouma: wengi huweka ngumi kifuani, si ncha ya kidole. Mkabo ukimshika juu ya tumbo, yeye na jirani zake watasema ni gesi au vidonda vya tumbo. Wanawake, wazee na wenye kisukari huenda wasisikie maumivu makali, bali kuishiwa pumzi, jasho jembamba na kichefuchefu.

Moyo una maumivu mengine pia. Utando wake ukivimba, kifua huchoma mtu akilala chali au akivuta pumzi, na hupata nafuu akiinama mbele. Mshipa mkuu wa damu ukichanika, maumivu huja ghafla, makali mno, yakapenya hadi mgongoni. Hilo ni la dharura.

Hata mchoro wa umeme wa moyo ukitoka safi, shauri halijaisha, kwani mkabo ukishapita mchoro unaweza kuonekana wa kawaida. Ndiyo maana daktari husikiliza habari za mgonjwa kwanza, kisha huagiza vipimo vya damu au vya mazoezi. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyo Muhimbili, hufanya pia uchunguzi wa mishipa yenyewe.

Mkabo wa kawaida huisha ndani ya dakika chache za kupumzika. Ukifika dakika 15, au ukimjia mtu ameketi tu, huenda ni shambulio la moyo. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, na mkifika mapokezi msiseme ana kifua. Semeni moyo unamkaba.